Asiyeona Naye Asome Mwenyewe

Haya ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa Kata ya Moshono, jijini Arusha.



Wazee wanazikumbuka enzi ambazo barua ilipofika, mwenye barua alilazimika kuitafuta nyumba ya mtu ajuaye kusoma. Msomaji huyo aliijua habari ya deni, ya ugonjwa na ya ugomvi wa ndoa kabla ya mwenyewe. Hata angekuwa mwungwana wa namna gani, siri ya mtu ilikwisha ingia mikononi mwa mwingine. Taifa lilipoufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, shabaha haikuwa kuzijua herufi tu. Ilikuwa pia kumtoa mwananchi katika utegemezi huo, ili barua yake aisome mwenyewe.

Leo utegemezi ule umerudi kwa mlango mwingine, nao unawapata watu waliosoma. Mtumishi wa umma sasa huomba likizo, hujaza taarifa za utendaji wake wa kazi na hupokea nyaraka kwa kompyuta au simu. Mwalimu asiyeona si mgeni wa vyombo hivyo. Zipo programu zinazoyasoma kwa sauti maandishi yaliyomo kwenye kioo: NVDA ya kompyuta, ambayo ilianzia Australia mwaka 2006 na hutolewa bure, na TalkBack, ambayo imo tayari ndani ya simu nyingi za Android. Kwa programu hizo mwalimu huyo huandaa masomo, hutunga mitihani na huandikiana na wazazi. Aghalabu kinachomkwamisha ni jinsi waraka au tovuti ilivyotengenezwa.

Chukua mfano wa waraka wa kawaida. Huchapwa katika kompyuta, maandishi yake yakiwa safi. Kisha hutolewa kwenye karatasi, hutiwa saini na mhuri, hupitishwa kwenye skana, na picha hiyo ndiyo inayotumwa kwa walimu. Kwa anayeona, hakuna kilichobadilika. Kwa programu ya kusoma, maandishi yametoweka, nayo hunyamaza kana kwamba ukurasa ni mtupu. Ni kweli zipo programu zinazojaribu kuyatambua maandishi yaliyomo ndani ya picha. Lakini mhuri ukiangukia juu ya tarehe, au karatasi ikiwa imepinda, hukosea. Siku ya mwisho ya kuomba uhamisho si jambo la kubahatisha.

Tovuti nazo zina vizuizi vyake. Kitufe chenye alama tu, kisichopewa jina, husomwa "kitufe", basi. Kama ni cha kutuma au cha kufuta, msikilizaji hajui. Fomu inayomtaka mtu anakili herufi zilizopindapinda pichani, ili athibitishe kuwa yeye ni binadamu, humkana binadamu huyo. Ukurasa wa Kiswahili ambao mtengenezaji wake hakuutambulisha kuwa ni wa Kiswahili waweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, usieleweke. Kiziwi huletewa filamu ya mafunzo isiyo na maandishi wala mkalimani wa lugha ya alama. Na yule ambaye mikono yake haina wepesi hukuta muda wa kujaza fomu umekwisha kabla hajafika nusu.

Hapo ndipo msomaji wa barua anaporudi. Mwalimu hulazimika kumwomba mwenzake amsomee, amjazie, na mwishowe humpa neno lake la siri. Tangu hapo mwenzake anaujua mshahara wake, mkopo wake na alama alizopata katika tathmini ya kazi. Anaagizwa asimpe mtu neno la siri, na papo hapo analazimika kulitoa. Taarifa zikiharibika, ni nani atakayejibu?

Sheria iko wazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaja intaneti katika Ibara ya 9. Mwaka 2010 nchi ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Nao wahusika si wachache: Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya wananchi wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Kwa hiyo jambo hili lisiachiwe huruma. Huruma humsomea mtu barua. Haki humwezesha kuisoma.

Wapo wasemao kwamba shule zina upungufu wa madawati na vitabu, hivyo mambo haya yangoje. Lakini fomu iliyo sawa kwenye simu humwokolea mtu mwenye ulemavu wa miguu safari ya daladala kutoka Moshono hadi mjini, pamoja na ngazi za ofisi. Aidha, miongozo ya kimataifa ya kutengeneza tovuti zinazotumika na watu wote imekuwapo tangu mwaka 1999, na kuifuata tangu mwanzo ni rahisi kuliko kubomoa baadaye. Yapasa kila mfumo, kabla ya kupokewa, ujaribiwe na watumishi wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa viungo. Wataalamu wa kushauriana nao hawako mbali: Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, kiko Tengeru, katika njia ya kwenda Moshi.

Na liko jambo lisilohitaji fungu la fedha wala kibali. Mwalimu mkuu au mtendaji atakayetuma waraka kesho, pamoja na picha ile yenye mhuri, aambatanishe faili lenyewe la maandishi lililochapwa. Faili hilo analo tayari. Mwalimu asiyeona atalifungua, atalisikiliza, na habari za kazi yake atazijua saa ile ile wanayozijua wenzake, bila kumbisha mtu hodi.