Kusafisha maji ya rangi: bili ni ya nani?

Ndugu zangu wa Garissa, nilichosema jana jioni nakiweka hapa kwa waliokosa.

Kwenye mijadala utasikia: "Mnataka kazi au mto safi?" Swali hilo linaficha bili.

Tazama ramani. Mto Thika unapitia Thika, mji wenye viwanda vya nguo, unaingia bwawa la Masinga, na kutoka hapo ni Tana mpaka kwetu. Sisi ndio tuko chini.

Rangi haishiki yote kwenye kitambaa, nyingine inatoka na maji. Kuiondoa kunawezekana, ila sio bure. Shabu huikamata ikatuama, lakini linabaki tope, nalo linataka pa kutupwa. Ozoni inakula stima. Mkaa wa kuchujia ni ghali, na ukijaa lazima ubadilishwe.

Kiwanda kisipolipa, gharama haipotei. Inateremka na mto, analipa mkulima, mfugaji na mama anayenunua maji kwa mtungi.

Kwa hivyo mgombea akiahidi kiwanda cha nguo, msikimbilie kupiga makofi. Muulizeni: mtambo wa kusafisha maji uko kwenye bajeti? Na tope litapelekwa wapi?