Kizuia Joto cha Boneti



Gari lililosheheni migebuka likipanda kutoka hapa ziwani, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi uwanda wa Ufipa, injini yake huwaka joto kali. Kizuia joto cha boneti kikichakaa, wengi wetu hubandika kipande cha godoro. Hilo ni hatari kubwa: sponji hunywa oili, na ikishika moto haizimiki upesi.

Tafuteni kisichoshika moto, chenye karatasi ya alumini upande wa injini. Ombeni kipande kidogo mkijaribu kwa kiberiti, mbali na gari na petroli. Muuzaji akikataa, ondokeni. Mkinunua, daini risiti inayotaja bidhaa yenyewe. "Vifaa vya gari" peke yake haithibitishi mlichouziwa.