Mzigo wa Mtu ni Amana



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu. Likizo iliyopita nilizunguka Ukunda mpaka Msambweni nikitafutia wateja lori la mizigo. Kila duka, "Rudi kesho, kijana." Nikarudi.

Mzee mmoja akakubali. Nikamuahidi mzigo wake utafika kutoka Mombasa Alhamisi. Ukafika Jumamosi. Wallahi nilitamani kuzima simu! Nikaenda mwenyewe: "Mzee, niliahidi nisilolijua. Nisamehe." Akanigombeza sana, kisha akanipa mzigo wa pili.

Nikamkumbuka Abdur-Rahman bin Auf (r.a.). Alipohamia Madina, Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Akamuombea baraka, akauliza soko liko wapi, akaanza na samli na jibini.

Titanium ya Kwale ilisimama Disemba 2024, na wenzetu wengi wako majumbani. Usikae barazani kungoja kuitwa. Barabara ya Dongo Kundu ipo, mizigo inapita. Toka ukaulize soko. Ukikataliwa, rudi; ukikosea, usijifiche. Saumu yatufunza subira, basi tuitumie na kwenye kazi.

Wabillahi tawfiq.