Nyumba Iliyo Juu na Ardhi Iliyo Chini

Mazungumzo na viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani, Mtwara



Ndugu zangu viongozi wa jumuiya na vigango, nimeombwa niseme juu ya haki ya makazi. Naanza na nyumba ambayo wengi wetu hatutailala hata usiku mmoja: fleti ya kifahari katika jengo refu la Masaki au Oysterbay, jijini Dar es Salaam. Matangazo ya namna hiyo mnayafahamu. Vyumba vitatu, ghorofa ya kumi na mbili, mandhari ya bahari, lifti, bwawa la kuogelea, jenereta, ulinzi usiku na mchana. Kwa miaka mingi bei yake iliandikwa kwa dola, hata kanuni za mwaka 2025 zilipokataza bei za humu nchini kutajwa kwa fedha za kigeni.

Mtu aweza kuuliza: hayo yanamhusu nini mkulima wa korosho wa Naliendele au mvuvi wa Msimbati? Yanamhusu kwa njia tatu.

1. Katika majengo yale mna jasho letu

Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, baada ya ghasia za Januari na Mei 2013, ambamo watu wa mkoa huu walipoteza maisha. Gesi hiyo huzalisha umeme kule Kinyerezi, na umeme ndio upandishao lifti na kupoza vyumba. Tena Oktoba 2015 kilizinduliwa hapa Mtwara kiwanda cha saruji cha Dangote, na saruji ndiyo mifupa ya kila ghorofa.

Sisemi kwamba ni dhambi gesi kuvuka mto Rufiji. Taifa ni moja. Wala Kanisa halikatai mtu kuwa na mali yake. Papa Leo wa 13 alilitetea jambo hilo katika waraka wake wa mwaka 1891. Lakini mafundisho hayohayo, ambayo Papa Yohane Paulo wa Pili aliyakariri miaka 100 baadaye, yasema kwamba mali ya dunia iliumbwa kwa ajili ya wanadamu wote. Kwa hiyo kila mali ya mtu binafsi ina deni kwa jamii.

Deni la kwanza ni kwa kibarua. Nabii Yeremia, katika sura ya 22, anamkemea mfalme ajengaye vyumba vya juu bila kumlipa mfanyakazi wake. Nasi tunakumbuka Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoporomoka na kuua watu 36. Katika bei ya nyumba yoyote yapasa kuhesabiwa pia uhai wa wanaoijenga na wanaopita chini yake.

2. Bei ya fleti ni bei ya mahali

Tofali la Masaki halina utukufu kuliko tofali la Mikindani. Linaloifanya fleti iwe ghali ni mahali: pwani, barabara, maji, umeme, ukaribu wa ofisi. Mengi katika hayo yalitengenezwa kwa fedha ya umma, na utengano ulianza zamani. Oysterbay ilikuwa uzunguni wakati wa ukoloni. Vivyo hivyo Shangani yetu, iliyopangwa siku za mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947.

Taifa letu liliwahi kujiuliza swali hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha, na mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Siwaombi mrudi huko. Nawaomba msilisahau swali lenyewe: faida ya mahali ni ya nani?

Wakati wa joto la gesi, wanunuzi walifika hata kwetu kutafuta viwanja vya pwani. Mwenye shamba akauza, akanunua bati na pikipiki. Pikipiki imekwisha chakaa. Ardhi ingali palepale, ikimsubiri mwenye mtaji.

3. Sheria inampa mnyonge silaha

Kwa sheria zetu ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zasema haki hiyo ina thamani, na anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Basi anayewaambia kwamba pori lenu halina bei kwa kuwa halina mikorosho, anawadanganya.

Ardhi ya kijiji haigawiwi kwa sahihi ya mwenyekiti peke yake: kuna halmashauri ya kijiji, kuna na mkutano mkuu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Kwa kawaida asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Raia asimkopeshe jina lake.

Tena angalieni busara ya wenye fleti. Sheria ya mwaka 2008 humwezesha kila mmoja kupata hati ya sehemu yake ya jengo, na fungu katika ardhi iliyo chini, na wote pamoja huunda chama. Mkulima naye anayo Hatimiliki ya Kimila, lakini mara nyingi haiombi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Someni habari za Nabothi katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alimtajia bei nzuri, naye akakataa, kwa kuwa shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Aliuawa kwa barua zenye mhuri na mashahidi wa uongo. Hata leo dhuluma ya ardhi hupenda kuja na mhuri. Ndiyo maana nawasihi msome kabla ya kutia sahihi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kijiji chetu, ni kaya ngapi zina Hatimiliki ya Kimila? Nani atawasaidia wajane kuiomba?
2. Ardhi ya pwani iliyouzwa kwetu ilipitishwa na mkutano gani? Muhtasari wake uko wapi?
3. Je, sisi wenyewe tunawalipa kwa haki wanaotujengea?