Habari za Nishani Moja na Watu Watatu
Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na walimu, Nzuguni



Katika Yubile twamshukuru Mungu kwa ajili ya waliotutangulia. Majina ya maaskofu, makasisi na walimu waliotumika tangu Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927 yasomwa kwa heshima. Leo twataka kuwakumbuka watu wengine wa nchi hii, ambao ni askari.

Nchi ya Ugogo yaijua vita. Mwaka 1916 majeshi yalipita Dodoma. Ng'ombe na nafaka vikachukuliwa, na vijana wakatiwa katika kazi ya upagazi. Kisha mvua ikakosekana, ikaja ile njaa kuu ambayo wazee waliiita Mtunya. Basi hatukusimama hapa kuisifu vita. Twausifu moyo wa mtu asiyewaacha wenzake katika hatari.

Katika vita ya pili, kikosi cha 1/6 cha Keya, ndicho kikosi cha Tanganyika, kilikwenda Uhabeshi kupigana na Waitaliani. Tarehe 19 Mei 1941, mahali paitwapo Kolito, askari wetu walivuka mto Bilate na kushika ng'ambo yake kwa taabu nyingi. Mara vifaru vya adui vikatokea vichakani. Kimoja kilikuja kutoka nyuma yao, kikawa karibu kuwakanyaga. Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, akakirukia, akafungua mlango wake wa juu, akawapiga risasi waliokuwamo isipokuwa dereva, akamlazimisha kukipeleka mahali pa kujificha. Alipojaribu mzinga wake, ukakataa kulia. Akashuka, akavifuata vifaru vingine kwa miguu, risasi zikianguka kama mvua.

Walakini hakwenda peke yake. Sajini-meja mmoja Mwafrika na askari mwingine walifuatana naye. Wakavinyemelea vifaru hivyo, viwili vikapita, Leakey akapanda juu ya cha tatu, akaufungua mlango, akamwua mmoja wa waliokuwa ndani. Ndipo kifaru cha nne kilipompiga kwa bombomu, akafa. Lakini shambulio lile lilivunjika, na ng'ambo ya mto haikupotea.

Tarehe 15 Novemba 1945 ilitangazwa kwamba Leakey amepewa Msalaba wa Victoria, nishani iliyo kuu kupita zote za ushujaa katika majeshi ya Uingereza. Si ya dhahabu wala fedha, bali ya shaba nyeusi. Kaburi lake halijulikani, ila jina lake limechorwa katika makaburi ya vita, Nairobi. Tena lilistahili kuchorwa.

Je, wale wawili? Tangazo lile la nishani lamtaja mmoja kwa cheo chake tu, na wa pili kwa neno "askari". Walikwenda kwa miguu mbele ya chuma kilekile, chini ya risasi zilezile. Wahenga walisema kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Hatusemi hivi ili kumpunguzia marehemu sifa yake. Twasema kwa kuwa sifa ya mmoja haikamiliki wenzake wakiachwa gizani.

Tazameni desturi ya Maandiko. Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 23, chawahesabu mashujaa wa Daudi, jumla yao 37, wengi wao kwa jina la baba au la kwao. Wa mwisho ni Uria Mhiti, mtu wa kabila la kigeni, ambaye mfalme mwenyewe alimdhulumu. Hata hivyo jina lake halikufutwa.

Basi, walimu, hii ndiyo kazi yenu. Katika nyumba zetu zimo nishani zilizofungwa katika vitambaa, na wajukuu hawajui zilipatikana wapi. Watumeni wanafunzi wakaulize: babu aliitwa nani, alikuwa mtoto wa nani, alipigana wapi, nani alikuwa pamoja naye? Yaandikeni majibu katika daftari, likatunzwe kanisani pamoja na vitabu vya ubatizo na maziko. Nao waliorudi bila nishani, na wapagazi waliobeba mizigo, waandikeni vilevile.

Mungu awajua wote kwa majina. Sisi tulio wasahaulifu twahitaji kalamu.