Maji ya Bwawa ni Mali ya Shamba



Mito yetu ya Rupingazi, Thuci na Kathita hushuka kutoka Mlima Kenya, nayo hupungua wakati wa kiangazi. Wa juu akichota yote, wa chini hukosa, na ugomvi wa majirani huanzia hapo.

Mwaka 2009 Serikali ilianza kuchimbisha mabwawa ya samaki katika majimbo 140 ya uchaguzi, yakiwamo ya kwetu. Bwawa moja lilikuwa na meta 300 za mraba, la kufugia tilapia wapatao 1,000. Likijazwa kwa kina cha meta 1 huchukua lita 300,000.

Je, maji hayo tuyamwage bure? Hasha! Yana mbolea itokayo kwa samaki. Basi tuchimbe bwawa juu ya shamba, ili maji ya kubadilisha yateremke yenyewe hadi kwenye mboga na migomba. Sakafu tuishindilie udongo wa mfinyanzi, yasinywewe na ardhi. Tumwagilie jioni, na mashina tuyafunike kwa majani makavu.

Tukifanya hivyo, maji yale yale yatatulisha mara mbili, na jirani wa chini atabakiziwa yake.