Ardhi ya Kujenga Minago: Hesabu Ifanywe Upya



Minago ni mji mdogo wa wavuvi, kando ya barabara kuu itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Magharibi yake ni Ziwa Tanganyika. Mashariki milima ya Mumirwa inainuka ghafla. Katikati umebaki ukanda mwembamba wa Imbo, na humo watu wanataka kujenga, kulima, kuanika ndagala na kutunza michikichi. Hesabu ya watu ya mwaka 2008 iliikuta Burundi na wakazi milioni 8. Ile ya mwaka 2024 ilipita milioni 12. Je, ukanda huo utabeba nyumba ngapi zaidi?

Mpimaji mwenye haraka huitazama ramani, akahesabu hekta zisizo na paa, akazigawa kwa ukubwa wa kiwanja. Hesabu ya namna hiyo ni njozi tupu. Na ichukuliwe mfano wa hekta 100, na viwanja vya mita za mraba 400. Kwa kugawa tu, hupatikana viwanja 2,500. Zikitolewa hekta 30 za njia, shule, zahanati, soko na mifereji, vinabaki 1,750. Na hapo makorongo na miteremko bado havijaguswa.

Halafu lipo ziwa. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga mita 150 kutoka ufukweni. Maana yake, katika kila kilomita moja ya ufuko hekta 15 hutoka katika hesabu. Wako wanaoiona sheria hiyo kuwa ya ukali. Lakini mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za watu Gatumba na Rumonge. Mto unaoyatoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mvua zikizidi, maji hupanda kwa wakazi.

Jambo zito zaidi, hata hivyo, halionekani katika ramani yoyote. Baada ya mauaji ya mwaka 1972, ambayo pwani hii iliyaonja mapema, maelfu walikimbilia Tanzania. Waliporudi, wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006 kuamua madai hayo. Kwa hiyo shamba lililo tupu machoni pa mpimaji laweza kuwa na wenyewe wawili, kila mmoja na mashahidi wake.

Hapo ndipo habari hii inapomfikia askari. Kiwanja kikigawiwa kimakosa, anayetumwa kusimama baina ya jamaa mbili, au kuwahamisha watu usiku maji yanapopanda, ni yeye, wala si aliyechora ramani. Basi mipaka ya mita 150 iwekewe alama kabla ya mvua, madai yaandikwe kijiji kwa kijiji, na hekta yenye kesi isihesabiwe kuwa kiwanja hadi baraza lenye mamlaka litakapoamua.